Palizi ya Koti

Siku ya kuanua matanga ya mumewe, Vestina alikuwa nyuma ya jiko akimenya ndizi, akiwatazama wazee wa ukoo wakipanda njia ya kibanja, shamba la migomba na mibuni la familia, katika kanzu na makoti yao. Kwa kuwa pale Kamachumu hakuna anayeshika jembe marehemu akiwa bado analiliwa, kishonanguo kilikuwa kimeota njia nzima hadi chini ya mibuni, kikachanua maua yake madogo, manjano katikati na meupe pembeni. Mbegu zake nyeusi zenye meno ziliwanasa wazee wote. Walipoketi, walizibandua bila kukatiza mazungumzo.

Aliyetangaza wosia ni Kamugisha, mdogo wa marehemu. Alieleza kwamba Apolinary alimwita kitandani mbele ya wazee hao na kumkabidhi kibanja chote, kwa sauti iliyosikika hadi nje, kwa sababu mkewe alimzalia binti mmoja tu. Wazee wakaitikia kwamba walisikia. Kiharusi kilikuwa kimemfunga Apolinary ulimi tangu Kwaresima hadi alipozikwa. Vestina, aliyemlisha uji kwa kijiko muda wote huo, aliweka kisu chini.

"Shemeji, alisema kwa mdomo upi?"

"Kwa mdomo wake, waitu. Wewe ulikuwa kisimani."

"Tangu Kwaresima nilikuwa kisimani?"

"Huwa unachelewa sana huko," akasema Ta Lwakatare, mwenyekiti wa ukoo, na wenzake wakacheka.

Mbegu zilizosalia kwenye nguo zao zikaota. Kwa wazee zilichipua kwa kiasi, kwenye mikunjo ya kanzu. Koti la Kamugisha lilifunikwa na majani kabla ya chai kuletwa. Ta Lwakatare alilisogeza ua lililofunguka kwenye kiwiko chake, lisichovye kikombeni, akaendelea na jambo lililofuata, yaani siku ya Vestina kuhama.

"Baba zangu, maua mnayaona," Vestina akasema.

"Tunayaona. Maua ni ya msimu. Kibanja ni cha ukoo."

Vestina na binti yake, Agnetha, walihamia chumba cha kupanga Bilele, mjini Bukoba, ambako Vestina alikaanga maandazi ya kuuza. Kaburi la Apolinary lilibaki kibanjani, na Kamugisha akakataza mtu asiye na kazi asiingie humo.

Kamugisha alinunua koti jipya. Likastawi kuliko la kwanza. Kanisani aliombwa akae mwisho wa benchi, asiwanase waumini wengine. Jirani walimsalimu wakimuuliza kama mvua imetosha mabegani. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya.

Hatimaye mkewe, Ephrasia, alimfuata Vestina Bilele.

"Ma Vestina, mie nimechoka. Kishonanguo cha kotini naking'oa jioni, asubuhi kimerudi. Kile kibanja ulikipalilia wewe. Labda mkono wako kinaujua."

Vestina alikubali, kwa kuwa sasa alikuwa na kazi kibanjani.

Alianza kwa kaburi. Alilipalilia hadi udongo ukaonekana, kisha akamgeukia Kamugisha, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akingoja zamu yake.

"Anzia kwenye kola, shemeji. Panawasha."

Vestina alichuma majani machanga ya kupika mboga, akayafunga kwenye jani la mgomba. Mabua aliyakata. Mizizi hakuigusa.

"Na mizizi?" Kamugisha akauliza.

"Imeshapita koti, shemeji. Hiyo uulize ulimi wako."

Kamugisha alifunga vifungo. "Basi uje tena Jumamosi," akasema, akamwonyesha mkungu wa ujira wake, uliokatwa kwenye mgomba ambao Vestina aliupanda alipokuja pale akiwa bibi harusi.

Aliubeba hadi barabarani. Akingoja gari la Bukoba, aliinama akabandua mbegu zilizonasa kwenye khanga yake. Zilikuwa nyingi, kavu. Hakuna hata moja iliyokuwa imeota.