Zambarau ya Mti wa Mpakani

Dada yangu Esta alikuwa na macho mawili mabovu, lakini kwa kunituhumu mimi aliona vizuri kabisa, kutoka Moshi mpaka hapa Endamarariek.

Alihamia Moshi kwa mwanawe Julius mwaka jana baada ya mavuno. Alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe, na siku moja alisimama uani akaisalimia nguzo ya kamba za nguo, akaiuliza habari za miguu. Nilikuwa nyuma yake. Nikajibu miguu ni mizima, akasema leo Sabina una adabu. Huko Moshi hospitali wakampima wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeiva, likiachwa litakufa moja kwa moja, kwa hiyo Jumanne aje apasuliwe. Jambo jepesi, mtu anaingia asubuhi anatoka mchana.

Dada akakataa kupanda gari.

"Mama mdogo," Julius akanipigia, sauti imemkauka, "mama anasema umeukata mti wake."

"Mti upi?"

"Mjakaranda. Anasema hafumbuliwi macho ili aje kukuta shamba limeliwa. Anasema bora abaki kipofu mwenye shamba."

Nikavuta kigoda nikaketi.

Niwaeleze mti wenyewe. Baba yetu hakujaliwa mtoto wa kiume, akatugawia shamba mimi na dada, kushoto kwake kulia kwangu, na pale katikati dada akapanda mjakaranda. Wenzetu huku wanapanda minyaa mpakani, au mkonge, vitu vyenye akili. Yeye alikwenda kuomba mche misheni kwa sababu aliona maua. Mti ukakua ukawa ndio mpaka, kijiji kizima kinaujua. Sasa kila Oktoba unamwaga maua yake yote upande wangu, maana upepo wa huku unatoka kwake kuja kwangu. Yananiangukia kwenye turubai ninaloanikia maharage ya ngwara, yanaoza, yanateleza, nilishaanguka nayo mbele ya padri. Basi na mimi kila Oktoba naapa kwa sauti, kijiji kisikie: mwaka huu naukata! Nimeapa tangu nikiwa na meno. Kuukata sijaukata. Ila mtu akiapa kila mwaka halafu mwenye mti akaondoka, ndiyo hivyo, hana wa kumtetea.

Nikamwita Patrisi, katekista wetu, mtu ambaye hata kuku wanamwamini. Akamtumia dada ujumbe wa sauti: Mama Julius, tumsifu Yesu Kristo, mti wako upo, nimeugusa mimi mwenyewe. Majibu yakarudi haraka: "Milele amina. Patrisi, wewe Jumapili unakula wapi?"

Patrisi akanirudishia simu. Jumapili anakula kwangu.

Tukampigia kwa video. Mtandao wa huku kwetu unajulikana, dada akaona vipande vipande akasema hiyo ni miti ya misheni. Tukampiga picha shina. Akasema hata kisiki kina shina. Mwisho akatoa sharti. "Nataka picha ya maua yake. Ipigwe kutoka chini, mtu alale pale chini kama nilivyokuwa nalala mimi, maua juu na mbingu nyuma. Mti wangu una rangi yake. Si ile zambarau nzito ya misheni. Ya wangu ni nyepesi, kama maziwa yametiwa tone la zambarau. Nikiiona ile rangi, Jumanne nakwenda."

Ilikuwa Alhamisi, na maua yalikuwa yanaelekea kuisha.

Nikamwita mjukuu wangu Angel, anayefanya kazi Karatu mjini kuwapigia picha watu wa safari. Anajua kurekebisha rangi mpaka tembo aliyejigaragaza kwenye tope anatoka kama aliyeoga. Akaja Ijumaa asubuhi na kamera shingoni, simu mbili, na kucha ndefu ambazo sijui huwa anakunia nini.

"Bibi, hii ni dakika mbili tu."

Tukatandika turubai. Akalala yeye, nikalala na mimi kuhakikisha. Juu yetu hakukuwa na mbingu. Ule ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka ukingo wa Kreta ya wanyama ulikuwa bado umekaa, mweupe, hauna haraka. Akapiga hivyohivyo. Maua yakatoka meusi, yananing'inia kama popo.

"Mwanga uko nyuma yake," akasema.

"Uhamishe."

"Mwanga hauhamishwi, bibi."

"Basi hamisha popo."

Akavuta kitu kwenye kioo cha simu, popo wakapata rangi kidogo, lakini ukungu ukageuka kama ugali mbichi. Tukasubiri. Tulisubiri mpaka mgongo wangu ukaanza kuota mizizi. Ukungu ulipoondoka mbingu ikafunguka buluu, ile buluu ya Oktoba ya huku juu, na maua yamekaa juu yake mepesi, yanapitisha jua. Miaka yote ile nilikuwa nayaangalia yakiwa chini, nimeshika ufagio.

Angel akapiga. Tukaangalia kwenye simu. Maua yote yamekuwa buluu.

"Mbona si zambarau?"

"Zambarau ni ngumu. Kamera inaona mbingu, inadhani kila kitu ni mbingu. Ngoja nirekebishe."

Akarekebisha. Maua yakawa zambarau, na mbingu nayo ikawa zambarau, mbingu nzima imevaa Kwaresima. Akairudisha mbingu, maua yakarudi buluu. Akayashika maua peke yake kwa kidole, akayatoa zambarau, lakini yakabaki na mstari mweupe pembeni kama yamekatwa kwa mkasi yakabandikwa. Akafuta. Akapiga tena. Siafu wakamwingia kwenye soksi. Mpaka saa saba mjukuu wangu aliyesema dakika mbili alikuwa amevua viatu, nywele zimejaa majani, anaongea na simu kama mtu anayegombana na mbuzi.

Lakini aliipata. Lazima niseme haki yake. Alinipa simu nikainua juu, nikaangalia picha, nikaangalia mti, picha, mti, na sikuona tofauti. Maziwa na tone la zambarau. Tukaituma.

Dada akajibu: "Hii ni damu ya mbuzi iliyokauka."

"Damu?" Angel akaruka. "Bibi, amesema damu?"

Akarekebisha tena, akaifanya nyepesi zaidi. Dada: "Hii ni nyama ya kukausha." Akaongeza mwanga. Dada: "Sasa mmepiga picha majani ya migomba. Mwambie Sabina sina haraka, mimi nina siku zangu zote." Jumamosi asubuhi tukarudi chini ya mti, tukapiga upya kabisa, kwa kamera kubwa, na maua yalikuwa yameshapungua, matawi mengine yamebaki matupu. Dada akasema hiyo ni kahawia.

Nikampigia Julius. "Mwanangu, hivi mama yako anaiangalia vipi hiyo simu?"

"Anaigusisha pua, mama mdogo."

"Na daktari alisema anaonaje?"

"Alisema utando wenyewe una rangi. Ni kama mtu anayeangalia kupitia glasi ya chai ya rangi."

Mara nikaanza kucheka mpaka Angel akanishika bega akidhani nimepata kiharusi. Siku mbili nimelala chini na mgongo wangu huu, siku mbili mtoto analiwa na siafu, tunatafuta rangi ya kweli kwa ajili ya mtu anayeangalia kupitia birika!

"Angel, tia buluu."

"Wapi?"

"Kwenye maua. Na kwenye mbingu. Tia mpaka iishinde chai."

Akatia kidogo, kwa adabu. Tukatuma. Dada: "Hii afadhali." Nikamwambia unaona, ongeza. Akaongeza. Dada: "Inakaribia. Lakini bado ina kutu."

"Ongeza."

"Bibi, hii si rangi ya duniani. Inaumiza macho."

"Yako. Ongeza."

"Mimi kazi yangu ni kurekebisha rangi iwe ya kweli. Hii ni kuharibu. Nikimwonyesha mtu hii ananifukuza kazi."

"Hee! Wale pundamilia wako wa mwezi wa nane, wamesimama kwenye nyasi za kijani kama mchicha. Mwezi wa nane huko kuna jani gani la kijani? Uliwapandia wewe?"

Akaangua kicheko, akajifuta uso na mkono wenye vumbi, akavuta ile alama ya buluu mpaka mwisho kabisa, mahali ambapo alisema hajawahi kufika. Ilitoka kitu cha ajabu. Maua yalikuwa buluu ya kufulia mashuka, yanawaka, na mbingu nyuma imekuwa kama sumu ya kuogeshea ng'ombe. Ukiitazama unasikia jino linakuvuta. Tukaituma tukakaa pale kwenye turubai.

Ujumbe wa sauti ulichelewa. Ulipokuja kulikuwa na kupumua tu mwanzoni.

"Upo," dada akasema. "Mti wangu upo." Kisha akawa analia, taratibu, kama mtu asiyetaka walioko sebuleni wasikie. "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikaa huku gizani nikakufikiria mabaya. Mwambie Angel Mungu ambariki mikono yake. Julius, nitafutie viatu vyangu vya Jumanne."

Angel alinitazama. Mimi nikatazama siafu.

"Tumemdanganya, bibi."

"Tumemwonyesha mti wake, na mti ule pale. Kama una la zaidi kamwambie, atavua viatu."

Hakumwambia. Jumanne dada akapasuliwa, Jumatano wakamfungua kitambaa, Julius akanipigia anacheka: anaona! Anasoma kalenda ukutani, anauliza nani kaandika vibaya hivi. Nikapiga magoti palepale jikoni, na kupiga magoti kwangu si kazi ndogo, maana kuna kuinuka.

Alhamisi simu ikalia tena. Hii haikuwa ya Julius.

"Sabina!"

"Abee, dada."

"Hiki ni kitu gani?"

Nikajua. Julius, kwa upendo wake, alikuwa ameiweka ile picha mbele ya simu ya mama yake ili aione kila akiiwasha.

"Mti wako, dada."

"Mti gani wa rangi hii? Umeona wapi? Hii ni rangi ya ndoo! Mmeukata, mkachora!"

"Dada, ngoja nikueleze, ni ile chai..."

"Usiniletee chai! Nionyeshe mti. Sasa hivi. Video."

Nikatoka nje nimeinua simu. Angel hayupo, amerudi kwa pundamilia wake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, yale maua machache yaliyobaki yakashuka yote. Mti umesimama pale, kijani, kimya, kama haunijui.

"Maua yako wapi?"

"Yameanguka."

"Yote?"

"Dada, ndiyo tabia yake, wewe mwenyewe unajua. Yako hapa chini, angalia." Nikainamisha simu. Chini kulikuwa na uji wa kahawia.

Akakata.

Jumatatu iliyofuata gari aina ya Noah ikasimama barabarani, dada akashuka na miwani myeusi na mfuko mmoja. Daktari alikuwa amemwambia asisafiri, asiinue kitu, asipigwe na vumbi. Julius nyuma yake anasema mama polepole, mama polepole. Akanipita mlangoni hanisalimii. Akaenda moja kwa moja mpaka mpakani, akauwekea mti kiganja, akauzunguka, akainua uso akaangalia juu kwa jicho lake jipya, muda mrefu, majani tupu na mbingu. Nilisimama pembeni nikiwa tayari kwa lolote, hata kupigwa.

"Haujakatwa," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulinitumia uongo."

"Ungepanda gari kwa ukweli?"

Akageuka, akavua miwani, Julius akapiga kelele mama vumbi, akaisukuma pembeni ile kelele kwa mkono. Akanikazia macho. Akanisogelea, nikadhani sasa anakuja kunikumbatia.

"Sabina," akasema, "umezeeka lini hivi?"

"Wewe ulipokuwa unakataa kupanda gari."

Akacheka. Nami nikacheka, na Julius akakaa juu ya mfuko akajifuta jasho. Nikafikiri yamekwisha, atakunywa chai, atarudi Moshi kungoja jicho la pili.

Dada anasema jicho la pili atapelekwa kutoka hapahapa. Anasema hasogei mpaka Oktoba nyingine ije, alale chini ya mti wake aione ile rangi yeye mwenyewe, maana picha za watu wa nyumba hii anazijua. Nyumba yake imefungwa, imejaa popo wa kweli, kwa hiyo yuko kwangu. Jana aliuona moshi ukutani jikoni. Juzi aliona sufuria zangu kwa chini. Leo asubuhi ameninyanyulia kikombe dirishani, anakizungusha kwenye mwanga.

"Sabina, hiki kikombe mlikuwa mnaninywesha nacho siku zote?"

"Ndiyo, dada."

"Hivihivi kilivyo?"

Nimekichukua nikakisugua kwa majivu. Oktoba bado iko mbali sana.