Panya wa Kipenga

Mimi sipendi kuharakishwa, na asubuhi hiyo Profesa alikuwa ananiharakisha. "Mama, washa kamera!" Ngoja basi, nikamjibu, panya hawana safari ya kuwahi. Miaka kumi na tisa niko maabara hii, sikimbizwi ovyo.

Miezi miwili nyuma tuliotesha seli za uvimbe wa saratani kwenye goti la mdogo wangu, refa wa mtaani tunayemwita Kipenga, kwenye miguu ya panya. Seli tulizitia chembe inayong'aa buluu. Tukawapa panya dawa mpya, mwanga ukazimika wote. Mdomo wangu huu! Nilimpigia papo hapo: "Dawa imemaliza kazi, mdogo wangu!" Yeye alikuwa amepangiwa kukatwa mguu Jumatatu. Akaanza dawa hiyo kwa majaribio, kisu akakikataa.

Leo ni panya wengine, seli zile zile, dawa ile ile. Ila chembe ya buluu sasa imeunganishwa na mwenzake mwekundu. Ya buluu haiutoi mwanga wake wote nje, inampokeza jirani nguvu, kama unavyompa mwenzako sufuria ya moto mkono kwa mkono, na jirani ndiye anayewaka. Profesa ndiye aliyetaka hivyo. Buluu, alisema, humezwa na damu. Nyekundu hupenya nyama ikatoka.

Nikawadunga panya sindano ya kuwashia mwanga, nikafunga sanduku la giza. Tukangoja dakika tano.

Picha ikaja. Miguuni, giza. Nikashusha pumzi. Halafu Profesa akagusa kioo kwa kidole, juu zaidi ya miguu. Kifuani mwa panya wa kwanza, kwenye mapafu, mlikuwa na doa jekundu. Wa pili, madoa mawili. Wa tatu sikutaka kumtazama, nikamtazama.

"Wale wa mwanzo pia," nikasema, "madoa yalikuwepo?"

"Tungeyaonaje kwa buluu?"

Jamani. Nikatoka hadi koridoni, nikampigia Kipenga.

"Dada! Mguu safi kabisa, jana nimechezesha mechi nzima!" Anacheka, mpenda sifa huyu. "Ila pumzi, dada. Penalti ile nimepuliza filimbi mara tatu, haikulia. Wachezaji wamenicheka mpaka basi. Uzee huo, au?"

Akakohoa. Nikahesabu, sijui kwa nini. Alikohoa mara saba.

"Njoo hospitali," nikasema. "Leo. Sasa hivi."

"Kwani mguu una nini tena?"

"Mguu hauna kitu," nikamwambia, na hapo ndipo nikaanza kulia.