Kwa Fabiani Inafanya Kazi

Mwaka 1995 mradi wa kifua kikuu ulimpeleka Esteria mjini Mpanda, kutunza programu ya kuandikisha wagonjwa. Alipewa chumba kimoja nyuma ya zahanati, kompyuta ya mfumo wa DOS, na jenereta iliyowashwa mchana tu. Wafanyakazi wa zahanati walimwita "dada wa mashine." Walimkaribisha chai, wakamuuliza habari za kwao, lakini alipoanza kueleza kazi yake macho yao yalihamia dirishani.

Aliyemwelewa alikuwa Fabiani wa Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyeiandika programu hiyo, kwenye mashine ya mfumo mwingine, Unix. Waliongea kila Jumatano kwa redio ya upepo ya zahanati, kila mmoja akimaliza zamu yake kwa "ova." Hawakuwahi kuonana.

Mwezi wa sita Fabiani alituma disketi kwa treni. Mafaili yote ya programu yalikuwa kwenye kifurushi kimoja, pamoja na faharasa: orodha inayoonyesha kila kipande cha programu kiko faili gani, mstari wa ngapi. Esteria alikifungua, akatafuta sehemu ya kuandikisha mgonjwa mpya. Faharasa ikamtajia faili ambalo halikuwapo.

"Kwangu inafanya kazi, ova," Fabiani alisema redioni.

"Huku haifanyi. Au kifurushi ni kibovu? Ova."

"Si kibovu, angalia tena. Wengine wanasubiri redio, ova."

Aliangalia wiki nzima. Alitengeneza faharasa upya papo hapo kwenye DOS. Safari hii haikulalamika, ila sehemu ya mgonjwa mpya haikutajwa kabisa, kama vile haikuwahi kuandikwa. Alikula peke yake, akalala, asubuhi akarudi kwenye kiti kilekile.

Mwishowe alikifungua kifurushi tena, safari hii akisoma majina yanavyopita kwenye skrini. Mgonjwa_mpya. Mgonjwa_wazamani. Unix inakubali majina marefu. DOS ilikuwa inayakata kwenye herufi ya nane. Yote mawili yakabaki "mgonjwa_", na la pili lilipoingia likalifuta la kwanza.

Esteria alicheka kwa sauti, akageuka amwambie mtu. Hamkuwa na mtu. Akatoa faili moja moja, akayapa majina mafupi, akatengeneza faharasa nyingine. Ikamfikisha kwenye sehemu ya mgonjwa mpya.

Jumatano alifika redioni mapema. Aliyeitikia alikuwa mwanamke.

"Fabiani ameacha kazi, dada. Amekwenda Nairobi. Una ujumbe? Ova."

Esteria alibonyeza kitufe, akakiachia, akabonyeza tena. "Ni majina ya mafaili. DOS inayakata, mawili yakawa jina moja. Ova."

"Sijakuelewa, dada. Ujumbe ni wa nani? Ova."

"Basi, acha tu. Programu inafanya kazi, ova."

Muuguzi Klementina, aliyekuwa anasubiri redio aulizie dawa, alimtazama usoni. "Pole. Ni ndugu yako huyo?"

"Hapana," Esteria alisema. "Tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

Akampisha kiti. Nje kulikuwa na wagonjwa waliotembea kutoka kijiji cha Mwese, wamekaa kando ya ukuta. Akarudi kwenye kompyuta, akamwita wa kwanza ndani, akamuuliza jina lake.