Dakika Tano za Bi Sifuri

Mama mkwe wangu alitupa habari hiyo Jumapili mchana, tumeshamaliza kula na mke wangu anakusanya sahani. Alijifuta midomo, akaikunja leso mara nne, pembe juu ya pembe, kisha akasema, "Nimejiandikisha kuchekesha watu."

Mke wangu alidhani hakusikia vizuri. "Kuchekesha nani?"

"Watu. Jukwaani. Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri. Anayeanza anapewa dakika tano."

"Mama! Watu watakucheka!"

"Ndiyo kazi yenyewe," akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Inabidi nieleze alikuwa mtu wa namna gani, ili muelewe kwa nini mke wangu alikaa chini na sahani mkononi. Mama mkwe alifundisha hisabati miaka thelathini na minne katika shule moja ya sekondari. Mrefu, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wanafunzi walimwita Bi Sifuri, na jina lilimkaa, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kuchora sifuri kama yeye: kubwa, nyekundu, ya duara kamili, huoni kalamu ilipoanzia wala ilipoishia. Na akishaichora, aliisoma kwa sauti mbele ya darasa. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza nilipopelekwa kwake kutambulishwa, aliniuliza saba mara kumi na tatu. Nilijibu tisini na moja kabla sijamtajia jina langu.

Alistaafu, na miezi mitano baadaye baba mkwe akafariki. Nyumba ikawa kimya. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwasikiliza wachekeshaji kwenye simu. Wengine husikiliza ili wacheke. Yeye alisikiliza na daftari mapajani. Aliandika mchekeshaji amesema nini, amenyamaza sekunde ngapi, watu wamecheka wapi. Nilimuuliza kama kuna kilichomfurahisha. Akasema, "Bado natafuta kanuni."

Mimi ni kinyozi. Katika wiki tatu zilizofuata alikuja saluni kwangu kila siku asubuhi, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akawafanyia wateja majaribio. Aliwavizia wakati nimeshanyoa upande mmoja, kwa sababu mtu mwenye nusu kichwa hana pa kukimbilia. Walicheka, wengi wao. Lakini yeye hakudanganyika.

"Hawa hawahesabiki, mwanangu," aliniambia. "Mtu mwenye wembe shingoni hucheka kwa adabu."

Tarehe kumi na nne nilimpeleka mwenyewe. Mke wangu alikataa kuja. Alisema moyo wake hauwezi. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba cha semina chenye viti vya plastiki kama sitini, feni inayogonga, na harufu ya rangi inayopanda kutoka chini. Jukwaa lilikuwa meza nne fupi zilizounganishwa na kufunikwa zulia. Mshereheshaji, dada mmoja mwenye sauti ya kukwaruza na mavazi ya michezo, alitupatia viti karibu na mlango akatuonya mapema.

"Mama, hawa watu wangu ni wagumu. Wakikuchoka hawazomei. Wanakupigia makofi, polepole, wote kwa pamoja, mpaka unashuka. Usije ukafikiri wanakupongeza."

Tuliona kwa macho yetu. Kijana wa kwanza aliyeigiza kondakta na abiria mwenye mizigo aliwavunja mbavu. Wa pili, bwana wa makamo mwenye tai, hakumaliza hata dakika mbili. Makofi yalianzia nyuma, pa... pa... pa..., yakasambaa chumba kizima kama mvua inayokuja, na yule bwana akashuka akitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anaandika.

Akaitwa. Alipanda na gauni lake la bluu la kufundishia, miwani kifuani, akasimama katikati ya zulia. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna daftari lililomwandalia. Watu kama kumi, huku na huku ukumbini, waliinuka wakasimama wima. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Jamaa wawili wa safu ya mbele. Mwanamume mmoja mwenye kitambi na funguo za gari mkononi. Miguu yao ilimtambua kabla ya vichwa vyao.

Ukumbi uliobaki ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa, ila hakikuwa chake.

Badala ya kukidaka, mazoea yakamshinda. "Kaeni," akasema. Wakakaa. Mikono juu ya magoti.

Akaanza. "Nimefikisha miaka sitini na moja. Nikiinuka kitini magoti yangu yanalia, mpaka mjukuu wangu anakwenda kufungua mlango."

Saluni kwangu hiyo ilikuwa haikosi. Pale, kimya. Wale kumi waliogopa kucheka, na wale hamsini walikuwa wakiwatazama wale kumi. Akatoa ya pili, ya mtu aliyemtumia ujumbe wa simu wenye makosa naye akaurudisha umesahihishwa, alama tatu juu ya kumi. Mtu mmoja akakohoa. Ya tatu ilipoanguka, akafanya kosa ambalo nililiona likija na sikuweza kulizuia: akaanza kufafanua.

"Maana yake ni kwamba, yule mtu alidhani..."

Watu wakaguna. Halafu nyuma kabisa, karibu na dirisha, nikasikia kofi la kwanza. Pa. Likafuatwa na la pili. Nilijiambia niinuke nimchukue, niseme tumepata dharura nyumbani, chochote. Yeye alikuwa amesimama palepale, kidole gumba kikisugua kamba ya miwani.

Makofi yalipokuwa yanakolea, akasimama mwanamume mmoja katikati ya ukumbi. Hakuwa miongoni mwa wale kumi. Alikuwa na mabega mapana na suruali yenye madoa ya lami, na alipoinua mkono, waliokuwa wakipiga makofi walinyamaza kumsikiliza.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusimama ulipopanda. Ulitambua?"

"Sikutambua."

"Nilikuwa kidato cha pili. Ulinipa sifuri ukaisoma mbele ya wenzangu. Ukasema hiki kichwa ni kitupu, wazazi wake wangefugia njiwa humo. Darasa zima likacheka. Unakumbuka?"

Feni iligonga, ikagonga tena. Kama angetaka kutoka salama, njia ilikuwa wazi. Ukumbi ulikuwa na njaa ya kicheko, na angemrushia yule bwana neno moja tu kali, alikuwa nayo mengi, wangemshangilia yeye na kumsahau mwenzao. Nilimwona akivaa miwani, akamtazama vizuri yule mtu usoni, kwa muda mrefu.

"Sikumbuki," akasema. "Nakuamini, lakini sikumbuki. Na hilo ndilo baya zaidi. Wewe umetembea na maneno hayo miaka yote, mimi niliyasahau kabla kengele haijagonga." "Yalikuwa maneno mabaya. Hukustahili. Naomba radhi, na naomba mbele ya watu, maana nilikukosea mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka, na yeye hakusubiri wacheke. Yule bwana alibaki amesimama, mikono haijui iende wapi. Nadhani alikuja amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

"Sasa," akasema mama mkwe, kwa sauti ya chini, "kwa kuwa uko hapo, nisahihishe. Hii kazi yangu ya leo ni ngapi juu ya kumi?"

Bwana alitazama huku na huku. "Kweli?"

"Kweli. Na isome kwa sauti."

Akafikiri. Tuliona akifikiri. "Mbili," akasema.

Chumba kililipuka. Hata mshereheshaji alijikunja akishika meza. Mama mkwe alingoja mpaka walipotulia, na nawaapia alikuwa akihesabu sekunde.

"Mbili za nini?"

"Moja ya kuja. Moja ya kutokimbia."

"Mheshimiwa umenipendelea," akasema. "Ningesahihisha mimi, unaijua alama ambayo ningetoa."

Hapo mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa ameubana mdomo tangu mwanzo, alishindwa. Kicheko kilimtoka puani. Baada yake wale kumi wote wakafunguka mmoja mmoja, kama watu waliopewa ruhusa ya kutoka nje. Yule wa kitambi alijifuta machozi kwa mkono wa shati.

Zilikuwa zimebaki dakika moja na nusu. Aliziacha zile hadithi zote za daftari, akazungumza tu.

"Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, mke wangu, ukistaafu tutapumzika wote wawili. Nikastaafu. Akatangulia kupumzika peke yake." Akanyamaza. "Ndivyo alivyokuwa. Hata kwenye foleni ya benki hakuwahi kunisubiri."

Walicheka kwanza kwa woga, kisha kwa sauti kubwa, na katikati ya kicheko kile niliona yeye naye anacheka, mkono kifuani. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia akimtaja baba mkwe bila sauti kukatika. Taa ya mshereheshaji ikawaka, muda umekwisha. Akashukuru, akashuka, akakaa kando yangu. Nilimshika mkono. Tangu nimwoe binti yake ilikuwa mara ya kwanza, na hakuuondoa.

Tulipokuwa tukishuka ngazi, yule bwana wa lami alikuwa anatungoja chini, kati ya mapipa ya rangi. Aliniamkia mimi, halafu akamgeukia yeye.

"Mwalimu, nataka ujue. Sijakusamehe."

"Sawa."

"Ila umeniomba radhi vizuri."

"Kuomba radhi na kusamehewa ni hesabu mbili tofauti," akasema. "Mimi nimefanya ya kwangu. Ya kwako huna haraka nayo. Unafanya kazi gani siku hizi?"

"Najenga barabara. Nasimamia watu arobaini."

"Huwasemaje wakikosea?"

"Huwavuta pembeni," akasema. "Sijawahi kumkemea mtu mbele ya wenzake. Hata mara moja."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole. Alimwuliza jina lake kamili, akalirudia mara mbili, wakaagana kwa mikono.

Njiani nilimsifu, nikasema amewamaliza, akanijibu kwamba dakika tatu na nusu za mwanzo zilikuwa takataka na nisimpake mafuta. Nyumbani alimsimulia mke wangu yote bila kujipunguzia, hata lile la njiwa. Mke wangu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Na mimi nilikuwa nikisoma darasa la jirani, mama," akasema mwishoni. "Tulikuwa tukizisikia zile sifuri ukutani." Walikaa jikoni wawili peke yao hadi jua likazama, nami nikaona busara kwenda kumwagilia miche nyuma ya nyumba, ingawa nilikuwa nimeshaimwagilia asubuhi.

Siku iliyofuata alitoa sanduku la karatasi zake za kazi, akaanza kuandika majina. Hakuyakumbuka yote. Aliyoyakumbuka aliyatafutia namba za simu, akapiga. Mmoja alimkatia simu. Mwingine, fundi cherehani, alizungumza naye saa nzima wakaishia kupeana hali za wajukuu. Wa tatu alikuwa amefariki, na siku hiyo mama mkwe hakula.

Lakini Jumamosi alipanda tena. Na iliyofuata. Aliwahi kushushwa kwa makofi mara mbili, mara moja akiwa hajamaliza hata kusalimia, na mara zote mbili alishuka ameinua kichwa, akakaa, akafungua daftari. Vijana wanaoanza siku hizi hugombea kukaa karibu naye wakisubiri zamu, kwa sababu wakitetemeka huwaambia yeye alitetemeka zaidi, na huwaeleza ukweli kuhusu vichekesho vyao, ila huwaeleza pembeni, kwa sauti ya chini. Sasa amepewa dakika kumi na tano. Bado huvaa gauni la bluu.

Wateja wangu huniuliza kama sioni haya, mama mkwe wa mtu mzima kupanda meza kuchekesha watoto wa watu. Huwaambia kwamba nimewanyoa wanaume wengi wenye misuli na vyeo, na sijaona hata mmoja ambaye angesimama pale, mbele ya watu sitini wenye hasira na njaa ya kumcheka, akakubali kosa lake bila kujificha nyuma ya mzaha, huku mzaha ndio kazi iliyompeleka. Kisha huwaambia watulize kichwa.

Jumamosi hii anapanda wa tatu. Mke wangu ameshanionya nifunge saluni mapema, maana anataka kiti cha mbele.