Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado yanachuruzika maji wakati bwana mazingira na askari wawili walipoteremka ukingoni. Mama hakuinua kichwa. Huu ulikuwa mwaka wa thelathini anafua nguo za watu papo hapo, juu ya jiwe lile lile, na wenye sare huja na kuondoka. Alidhani wamekuja kunawa.

"Wewe ndiye mfuaji?"

"Ndiye mimi, baba. Mna nguo?"

Askari mmoja alicheka, kisha akaanza kukusanya mabeseni.

Binti yake alikuwa juu kidogo ya mto, kavaa fulana ya kijani, anachota maji kwenye chupa ya kupimia. Majirani walimwita Bi Daftari. Tangu ahitimu mafunzo ya walinzi wa mto, siku tatu katika darasa la shule ya msingi, hakuonekana bila daftari. "Ukipiga chafya mtoni, huyu atakuandika," walimtania. Naye alicheka nao, maana aliipenda kazi ile isiyo na mshahara kuliko kazi yoyote aliyowahi kuipata. Mkufunzi aliwaambia: mto hauna ndugu, andika ulichokiona.

Akaandika. Wiki kumi na moja mfululizo aliandika bomba la kiwanda cha ngozi: rangi ya maji, harufu, samaki waliokufa, saa na tarehe. Kila Ijumaa alichana ukurasa wa fomu, akaupeleka ofisini kwa bwana mazingira. Kimya. Ndipo alipofikiri, maskini, kwamba labda wanamwona ana kinyongo na kiwanda, na kwamba daftari la haki haliangalii upande mmoja. Wiki ya kumi na mbili, baada ya kueleza bomba, akaongeza mstari: mwanamke mmoja, sabuni, hatua kumi kutoka majini, penye jiwe bapa. Hakuandika kwamba ni mama yake. Fomu haikuuliza.

Ofisi iliyolala wiki kumi na moja iliamka ndani ya siku tatu.

"Bwana, na bomba je?" binti aliuliza akihema, alipowafikia mbio.

"Bomba ni suala la kitaalamu, dada. Linasubiri wataalamu." Bwana mazingira alitabasamu. "Hili halina utata. Limeandikwa na mtu mwenye cheti. Mngekuwa kumi kama wewe, mto huu ungepona."

Mama alimtazama huyu, akamtazama yule. Alikuwa hajaelewa. Alipopewa karatasi alimpa bintiye, kama alivyompa kila karatasi tangu binti ajue kusoma.

"Hebu nisomee, mwanangu."

Akasoma. Marufuku kufua ndani ya mita sitini za mto, leo na siku zote. Vyombo vinachukuliwa. Alipofika penye neno shahidi, aliishusha karatasi.

"Malizia," alisema Mama.

Akalisoma jina lake mwenyewe.

Mama alilikamua shuka la watu lililokuwa bado mapajani. "Umesoma vizuri," alisema hatimaye, na binti akatamani angetukanwa.

"Weka dole gumba hapa, mama." Bwana mazingira alimgandamiza kidole kwenye wino, kisha karatasini. Likatoka doa jeusi, laini, bila mstari hata mmoja. Akarudia. Doa lile lile. Sabuni ilikuwa imezila alama zote za kidole.

"Hii ofisini hawaipokei." Akamgeukia binti. "Mtilie sahihi wewe, kwa niaba yake."

"Siwezi, bwana."

"Basi akaeleze kituoni."

Askari alimshika Mama mkono, akamnyanyua.

"Tia, mwanangu," alisema Mama, bila hasira. "Nilifua ili ujue kuandika."

Akatia. Chini ya sahihi ya shahidi, iliyonakiliwa kutoka ukurasa wake wa Ijumaa, ikakaa sahihi ya mkosaji, mwandiko mmoja. Bwana mazingira aliupuliza wino ukauke, akaikunja karatasi, akamkabidhi binti daftari jipya.