Pampu Iliyomeza Hewa

Pampu ile ilianza kwa kukohoa tu, kama mzee anayetaka kukumbusha watu kwamba yupo. Baadaye ikawa inasaga mawe. Pasaka ilipopita ilikuwa inanguruma hadi viboko wa Dunga, ufukweni mwa Kisumu, wakawa wanaiitikia kutoka majini, wakidhani ni jamaa yao amepotelea mjini. Wapo pia wanaosema kuku wa mtaa wa Manyatta waligoma kutaga. La kuku halina shahidi, lakini la viboko linao wengi.

Mwaka ulikuwa themanini na saba, na kompyuta ya Kampuni ya Pamba ya Winamu ilikuwa na ukubwa wa makabati ya bibi harusi yaliyopangwa ukuta mzima. Ilishikwa na joto kama mtu mwenye malaria, na tiba yake ilikuwa maji. Pampu iliyasukuma yakapita tumboni mwa mashine, yakabeba joto, yakapozwa, yakarudi tena, maji yale yale kila siku. Hayakuwa ya ziwa wala ya mfereji. Yalikuwa yamesafishwa kama ya betri, yakaletwa kwa madumu kutoka Nairobi, kisha yakatiwa rangi ya kijani kidogo ili yakivuja yaonekane.

Mkuu wa chumba cha kompyuta alikuwa Nelima, mwanamke wa Bungoma aliyeipenda mashine ile kuliko baadhi ya shemeji zake. Wiki hiyo alikuwa hasemezeki. Meneja, Bwana Oduor, alikuwa amempa habari akiwa anachokoa meno: Alhamisi wakubwa wa Nairobi wangekuja kula samaki, na wakisikia ngurumo ile, basi kompyuta ingepakiwa kwenye lori irudi nao. Chumba kitupu hakihitaji mkuu. Hilo Meneja hakulisema, ila Nelima alilisikia.

Akamwita Nicodemus, fundi wa mitambo. Nicodemus aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa pampu na mpini wake sikioni, akafumba macho kama mtu anayesali. Beringi zilikuwa nzima, akasema. Akakata vipande vya tairi kuukuu akaviweka chini ya miguu ya pampu isitetemeshe sakafu. Kelele ikabaki pale pale. Kisha akalegeza skrubu ndogo juu ya bomba, na hewa ikatoka kwa mluzi mrefu. Pampu ikanyamaza. Nelima nusura amkumbatie.

Kesho yake ilinguruma tena.

Hewa ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele, Nicodemus akaeleza. Maji yakipungua kwenye tangi, pampu hufyonza upepo. Wakajaza dumu zima, kukawa kimya, na asubuhi tangi likawa limeshuka tena. Wakapiga magoti na tochi wakitafuta rangi ya kijani chini ya kila kiungo cha bomba. Sakafu ilikuwa kavu kama ulimi wa mdeni. Maji yanapotea, na hakuna panapovuja.

Hapo hasira ya Nelima ikatafuta mtu wa kukalia. Maji yale ni kama ya betri, na madereva wa stendi wanayatafuta kila siku. Na nani anashika ufunguo wa madumu? Mbele ya makarani na askari wa lango akamwambia Nicodemus kwamba amekuwa akiiba maji ya kompyuta na kuwauzia wenye matatu. Nicodemus alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono pole pole, akakitia mfukoni, akaenda kukaa nje kwenye kivuli cha bohari.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana likabaki dumu moja. Meneja akaja kufoka. Alifoka vizuri sana, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Dholuo, huku akimtikisia Nelima kidole usoni. Nelima aliacha kusikia maneno, akabaki anakitazama kidole. Pembeni mwa ukucha, pale mafuta ya samaki hung'ang'ania, palikuwa na kijani.

Alitoka bila kuaga, akapita ujiani moja kwa moja hadi jikoni.

Mama Aoko, mpishi wa wageni, alikuwa ameinama kwenye kona ya jiko, nyuma ya ukuta wa chumba cha kompyuta, anakinga birika chini ya koki ambayo mafundi waliiweka pale ili kumwaga maji siku ya kusafisha mabomba. Hakushtuka. Wala hakuwa anajificha, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Kisumu ina ziwa zima mlangoni, lakini mifereji ya mtaa ule ilikuwa inatoa upepo tangu Kwaresima, na Meneja alikuwa ameagiza kwamba mgeni wake hatagusa samaki kabla ya kunawishwa. Kila siku wageni, kila siku birika.

"Nyathina, mwanangu, mimi nilidhani hiyo kijani ni dawa ya mikono," alisema. "Hata Meneja ameisifu. Anasema inaondoa harufu ya samaki."

Nelima alilichukua birika. Akaenda nalo moja kwa moja hadi meza ya wageni.

Wakubwa walikuwa wameshaketi, mikono juu ya beseni, samaki aina ya ngege wakitoa mvuke, na ukutani pampu ikinguruma. Meneja alikuwa anawaambia kwamba ni trekta la jirani. Nelima akamimina maji ya birika kwenye sahani nyeupe iliyokuwa mbele ya Meneja, mpaka kijani kikaonekana na kipofu.

"Trekta lako hili, Bwana Meneja. Umekuwa ukinawia maji ya kompyuta. Onyesha wageni kucha zako."

Meneja alificha mikono chini ya meza. Mkubwa mmoja akaanza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Mwenzake, mwenye miwani, akauliza kama kelele hiyo inaweza kuzimwa sasa hivi, mashine ibaki. Nelima akasema inaweza, maji yapo dumu moja, koki itafungwa kwa waya, lakini fundi anahitajika.

Akatoka hadi kivulini. Nicodemus alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinuka.

"Uliniita mwizi mbele ya watu," alisema. "Utaniomba radhi mbele ya watu. Na hao wa Nairobi wawepo."

Damu ilimpanda Nelima kichwani. Alitaka kumwambia afie hapo hapo. Ngurumo ikapita dirishani. Akageuka, akaingia mbele, fundi nyuma yake, akasimama kando ya meza na kuyasema yote, kwa sauti iliyokuwa kali kuliko matusi, akimtaja Nicodemus kwa jina na kusema hakuiba hata tone.

Nicodemus akatoa kitambaa mfukoni, akaenda kumimina dumu na kufungulia hewa. Mluzi ukalia, ukafifia, na nyumba nzima ikawa kimya hata nzi wakasikika.

Wakubwa walikula samaki waliopoa, maana dereva alitumwa ziwani na ndoo kuleta maji ya kunawa, na hakuna aliyethubutu kula kabla hajarudi. Meneja alinawa mara mbili. Nelima hakula. Alikuwa nyuma ya ukuta, anakaza waya kwenye koki kwa koleo, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayemnyonga nyoka.