Siti ya Kushoto

Mume wangu Rwehumbiza alikuwa mtu wa baridi. Simtukani, ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa mkuu wa chumba cha barafu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, miaka ile viwanda vilipokuwa vinaota kama uyoga kando ya ziwa letu. Alikuwa anarudi jioni vidole vimekakamaa, na kichwani amebeba jambo moja tu: kitu kikifungwa vizuri kwenye nailoni hakiharibiki. Minofu ilifungwa nailoni hapa Mwanza, ikafika Ulaya kama imekatwa asubuhi ile. Aliliamini hilo kuliko mahubiri ya padri.

Basi mwaka tisini na nne akanunua gari.

Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, la mtumba, lililopitia Dubai kabla ya kutufikia sisi Kirumba. Nje lilikuwa la kawaida. Ndani sasa! Siti za mahameli rangi ya damu ya mzee, laini hata ukipitisha kidole kinaacha njia. Dari ya kitambaa rangi ya maziwa. Dashibodi nyeusi, inang'aa. Nilichungulia dirishani, nikashindwa kubanduka. Sijawahi kuwa na kitu kizuri namna ile, hata gauni langu la harusi lilikuwa la kuazima. Nikashika mlango nifungue nikae.

"Ngoja kwanza, Mama Paskazia," akasema.

Kesho yake akalipeleka Nyakato kwa Ndalahwa, fundi wa viti. Ndalahwa akazivalisha siti zote nailoni nene, akazifunga nyuma kwa kamba za msalaba kama viatu vya shule. Kisha mume wangu akatangaza mbele ya ndugu kwamba nailoni ile itatoka siku moja tu: siku atakayompeleka binti yetu Paskazia kanisani. Paskazia alikuwa bado chuo cha ualimu, hata mchumba hana.

"Sisi tulikwenda kufunga ndoa kwa baiskeli," aliniambia tulipobaki wawili. "Ulichafuka gauni kwa grisi, nakumbuka. Mwanangu atakalia kitu kipya." Macho yalikuwa yanamlengalenga. Mtu wa namna hiyo utambishia nini?

Hata hapo hakuridhika. Uani kwetu kulikuwa na mwarobaini mmoja mkubwa, na ndege walikuwa wanalala pale na kuiharibu rangi ya gari kwa vinyesi vyao. Akaukata. Nikamuuliza, "Sasa kivuli?" Akanijibu, "Cha nini? Si limefungwa nailoni?" Kikabaki kisiki, na gari likabaki juani, limeelekeza pua ziwani, katikati ya mawe yetu ya Kirumba ambayo yakishika joto asubuhi hayaliachi hadi watu wamelala.

Siku za kazi mume wangu alipanda lori la kiwanda. Gari lilitoka Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, na hakuna kuongea kwa sababu baba anaendesha. Tulikuwa tunafika tumelowa jasho. Nikishuka, nailoni inabanduka mgongoni kwangu, chwaa, na wanawake wenzangu wa jumuiya wanageuka kutazama. Kumbe hii ndiyo raha ya kuwa na gari! Nilikasirika sana mwaka ule wa kwanza.

Mimi nilikuwa nafundisha zamu ya asubuhi, mchana niko nyumbani peke yangu. Siku moja nilitoka kuanua nguo, nikalitazama lile gari limekaa pale, limefungwa, linaungua, na uzuri wake wote ndani. Nikaingia chumbani nikachukua ufunguo msumarini. Nikafungua milango yote joto likatoka. Nikalegeza kamba za siti ya abiria, ile ya kushoto, nikaivua nailoni yake, nikakaa.

Mahameli ilikuwa ya moto, moto mpole, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Nikaegemea. Upepo wa ziwa ukaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Kulikuwa na harufu ya plastiki na sponji, na chini yake harufu nyingine tamu kidogo, labda ya hao Wajapani waliolikalia kabla yetu. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, huoni linapoishia. Sikulala, na sikuwa macho.

Na gari likaondoka.

Rwehumbiza ndiye alikuwa anaendesha. Kioo chake ameshusha chote, kiwiko amekitoa nje, na anaimba zile nyimbo za kwaya ya shule alizoziacha alipopata cheo. Tukateremka kati ya mawe bila kugusa jiwe. Tulipofika kivuko cha Kigongo pantoni ilikuwa imeshaondoka, hakujali, akaingia majini polepole kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Maji yakatufunika, ya kijani, yana mwanga. Sangara wakubwa wakatupisha, wakawa wanatuchungulia kwa macho yao ya dhahabu, naye akawa anawanyooshea kidole, "Yule kilo arobaini. Yule hamsini." Tukaibukia ng'ambo, tukapita kwenye migomba na migomba, mpaka uani kwa mama yake Bukoba. Mama mkwe akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nilikuwa bado naisikia ladha yake ulimini honi ya lori la kiwanda iliponizindua. Nikavalisha siti haraka, nikafunga kamba, nikaingia jikoni kama mtu aliyeshinda hapo.

Tangu hapo nikawa nasafiri kila mchana. Tulikwenda visiwani. Tulikwenda Musoma, tulikwenda mahali ambapo hapana jina, penye maji kila upande na barabara nyeupe katikati. Mume wangu alikuwa anaimba, anacheka, ananiuliza habari za wanafunzi wangu. Jioni alirudi yule mwingine, amechoka, vidole vimekakamaa, nikampa maji ya moto ya kuoga. Nilikuwa nawapenda wote wawili. Yule wa mchana nilimkosa zaidi.

Jua nalo lilikuwa linafanya kazi yake. Mwaka wa pili dashibodi ilipasuka ufa mmoja, kisha ikapasukapasuka yote. Gundi ya dari ikayeyuka, kitambaa kikashuka kama chandarua, ikabidi Rwehumbiza aendeshe kainamisha kichwa. "Hayo ni ya juujuu," akasema. "Siti ziko salama." Mimi nilikuwa naiona nailoni ya nyuma imegeuka rangi ya chai, na masika yakifika inatoka jasho kwa ndani. Nikamwambia, "Baba Paskazia, minofu mnaifunga nailoni halafu mnaiweka kwenye barafu. Wewe umefunga nailoni, ukaweka jikoni." Alininunia hadi kesho yake.

Mwaka tisini na saba Paskazia akampata Masele, bwana shamba wa pamba, kijana wa Magu, na ndoa ikapangwa huko huko Magu. Siku ya kuamkia harusi Ndalahwa akaitwa na mkasi wake. Rwehumbiza alivaa shati jeupe kwa ajili ya shughuli hiyo. Alinyoa hata ndevu.

Wakaanza na siti ya nyuma, anayokaa bibi harusi. Ndalahwa akakata kamba, akavuta. Nailoni haikuja. Akavuta tena, ikaja na mahameli yake, inabanduka vipande vipande kama ukoko, na chini yake sponji ya njano ikamwagika unga. Harufu ya ukungu ikatupiga usoni. Wakahamia siti ya dereva, nayo vilevile. Rwehumbiza aliokota kipande cha ile rangi nzuri, akakifikicha, kikawa vumbi vidoleni mwake.

Akaenda kukaa kwenye kisiki cha mwarobaini. "Nilitaka mwanangu akalie kitu kipya," akasema, akalia. Mwanaume mzima, mbele ya fundi. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba nilimwonya.

"Mzee," Ndalahwa akaita, "hebu njoo uone hii."

Alikuwa ameshika nailoni ya siti ya kushoto, imetoka yote kama gauni. Mahameli ilikuwa nzima. Damu ya mzee vilevile, laini, na katikati ina kibonde kidogo. Hata mimi nilishangaa, sikujua kwamba zile nyingine zimeoza kiasi kile.

"Hii imekaliwa," fundi akasema. "Tena sana. Ilikuwa inavuliwa, inapata hewa. Ndiyo maana imepona."

Rwehumbiza akaitazama siti, akazitazama zile kamba zilizolegea, akanitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nakaa kila mchana."

Nilisubiri anifokee. Akainama akaanza kuzoa ule unga wa sponji. Usiku ule alijigeuza kitandani kila mara, nami nilikuwa macho nikimsikia.

Asubuhi tukatandika shuka mbili nyeupe siti ya nyuma na kitenge siti ya dereva, na dari tukaibana kwa pini. Paskazia akatoka na gauni lake, mtoto wangu, amependeza hadi nikakosa pa kutazama. Baba yake akamfungulia mlango wa mbele. "Kaa hapa. Ndiyo pekee iliyobaki nzima."

Paskazia akaangalia kile kibonde kwenye mahameli. "Hapo ni pa mama," akasema. "Mimi nakwenda kwangu, baba. Yeye ndiye utakayerudi naye." Akakusanya gauni, akaingia nyuma kwenye mashuka.

Tukaondoka vioo vimefungwa. Tukapita Nyakato. Joto likaanza kupanda. Baada ya Kisesa ziwa likaonekana kidogo upande wangu, mbali, jeupe. Ndipo Rwehumbiza akafungua mdomo, macho yake barabarani.

"Mle ndani, mchana kutwa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nasafiri."

"Kwenda wapi?"

"Kila mahali. Kwa mama yako, Bukoba. Visiwani."

Akaendesha kidogo.

"Na nani alikuwa anaendesha?"

"Wewe, Baba Paskazia," nikasema. "Nani mwingine?"

Mkono wake ukashika kile kishikio cha kioo, ukakizungusha taratibu, hadi kioo chote kikashuka. Akatoa kiwiko nje. Upepo ukaingia wote kwa pamoja, pini za dari zikachomoka, shela ikaruka ikatufunika mimi na yeye.

"Baba, shela yangu!" Paskazia akapiga kelele kule nyuma. "Baba, funga kioo!"

Hakukifunga.